Summerton: Historia ya Wilaya Ndogo ya Shule Iliyobadilisha Sheria ya Marekani

Summerton ni mji wa watu wasiofika elfu moja katika Kaunti ya Clarendon, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Ni nchi ya pamba na tumbaku, iliyo kando ya Ziwa Marion. Shule zake za umma ziliwahi kuitwa Wilaya ya Shule Namba 22, baadaye zikaitwa Wilaya Namba 1, na tangu mwaka 2022 zimo ndani ya wilaya moja ya kaunti nzima. Mwaka 2024 ilitimia miaka 75 tangu wazazi weusi wa hapo walipotia saini ombi lao la kudai shule sawa kwa watoto wao, na miaka 70 tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipowapa haki. Hii ni historia ya wilaya hiyo, ya wanafunzi wake na ya matokeo yao. Tunaiandika kwa kuwaheshimu walioijenga, na kwa kuwa watu wengi huutaja ushindi wake bila kujua ulikoanzia.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea shule zinazosimamiwa na serikali kuu au na halmashauri. Marekani mambo ni tofauti. Wilaya ya shule ni chombo kinachojitegemea: ina bodi yake, mkuu wake wa elimu, na bajeti ambayo sehemu yake kubwa hutokana na kodi ya ardhi na majengo ya eneo lenyewe. Palipo na viwanda na majumba ya thamani, shule hunufaika. Palipo na mashamba ya watu maskini, upungufu huonekana hadi darasani. Nyakati za ubaguzi kulikuwa na mzigo mwingine juu ya huo: bodi ilikuwa ya wazungu watupu, na ndiyo iliyoamua kila senti iende wapi.

Wilaya moja, hesabu mbili

Hesabu za mwaka wa shule wa 1949–50 zinaeleza hali ilivyokuwa. Kaunti ya Clarendon ilikuwa na wanafunzi weusi 6,531 waliotawanyika katika shule 61. Thamani ya majengo yote hayo ilikuwa dola 194,575. Wanafunzi wazungu walikuwa 2,375 katika shule 12, na majengo yao yalikuwa na thamani ya dola 673,850. Kila mtoto wa kizungu alitumiwa dola 179 kwa mwaka, na kila mtoto mweusi dola 43. Nyingi ya zile shule 61 zilikuwa vibanda vya mbao vyenye mwalimu mmoja au wawili.

Ndani ya Wilaya Namba 22 yenyewe palikuwa na shule tano. Wazungu walikuwa na mbili, ya msingi na ya sekondari, zenye wanafunzi 276. Weusi walikuwa na tatu, yaani Scott's Branch, Liberty Hill na Rambay, zenye wanafunzi 808. Shule za wazungu zilijengwa kwa matofali, zilikuwa na vyoo vya maji, na mwalimu mmoja alifundisha watoto 28. Katika shule za weusi mwalimu mmoja alikuwa na watoto 47, vyoo vilikuwa vya shimo, hapakuwa na chumba cha kulia, na usafi ulifanywa na walimu na wanafunzi wenyewe kwa kuwa hapakuwa na mhudumu.

Jambo moja katika hesabu hizo lishikwe tangu sasa, maana litaonekana tena mbele. Weusi hawakuwa wachache Clarendon. Walikuwa wengi kuwapita wazungu. Wengi wao walilima mashamba yasiyo yao na kugawana mavuno na mwenye ardhi, na wachache walikuwa na ekari zao. Wote walilipa kodi. Walichokosa ni sauti katika bodi iliyozitumia kodi hizo.

Madai ya basi

Mapambano yalianza na usafiri. Kaunti ilikuwa na mabasi 30 ya kuwachukua watoto wa kizungu, na hakuna hata moja lililobeba mtoto mweusi. Wapo watoto waliotembea hadi maili tisa kwenda shule, karibu kilometa 14 na nusu. Tena mabwawa ya mradi wa Santee Cooper yalipojaza Ziwa Marion mwanzoni mwa miaka ya 1940, maji yalifunika njia za baadhi ya vijiji, na watoto wakalazimika kupiga makasia kwa mtumbwi ili wafike darasani.

Wazazi walichangishana wakanunua basi kuukuu. Lilipoharibika mara kwa mara wakaomba msaada kwa uongozi wa shule, wakakataliwa. Jibu walilopewa ni kwamba watu weusi hawalipi kodi ya kutosha kustahili basi.

Mwaka 1947 Mchungaji Joseph A. DeLaine, mwalimu na kiongozi wa AME, kanisa la Wamethodisti weusi, aliyezaliwa katika kaunti hiyohiyo, alitafuta mzazi mwenye ujasiri wa kwenda mahakamani. Alimpata Levi Pearson, mkulima mwenye shamba lake mwenyewe. Mwezi Julai Pearson aliwasilisha ombi la basi, na Machi 1948 akafungua kesi. Ilitupwa kwa sababu iliyoonekana ndogo: shamba lake lilikuwa juu ya mpaka wa wilaya za shule, na kodi alilipa upande usio wa shule walikosoma wanawe. Hapakuwa na hukumu yoyote juu ya haki ya watoto. Lakini adhabu ilimfuata Pearson nyumbani. Wafanyabiashara walimnyima mkopo wa mbegu na mbolea, na miti aliyokwisha kuikata ikabaki bila mnunuzi.

Saini za Novemba 1949

Mwezi Machi 1949 viongozi wa Clarendon walikutana mjini Columbia na Thurgood Marshall, wakili mkuu wa NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Marshall aliwaeleza waziwazi kwamba hataweka tena kesi juu ya bega la mtu mmoja. Alitaka walalamikaji 20 walio tayari kusimama pamoja hadi mwisho. Na safari hii hawataomba basi peke yake, watadai usawa katika kila kitu: majengo, walimu, vitabu na usafiri.

Iliwachukua miezi kupata watu hao. Mikutano ilifanyika makanisani, maana kanisa ndilo lililokuwa jengo pekee ambalo bodi ya wazungu haikuwa na ufunguo wake. Tarehe 11 Novemba 1949 ombi likawa tayari likiwa na majina 107 ya wazazi na watoto. Jina la kwanza lilikuwa la Harry Briggs, askari wa zamani wa jeshi la majini aliyefanya kazi katika kituo cha mafuta mjini Summerton na aliyekuwa na watoto watano. Upande wa pili alikuwa R. W. Elliott, mwenyekiti wa bodi ya shule. Ndivyo kesi ilivyopata jina la Briggs dhidi ya Elliott.

Kutia saini kuliwagharimu wengi riziki yao. Briggs alifukuzwa kazi mkesha wa Krismasi ya mwaka huohuo. Mkewe, Eliza, aliyekuwa mhudumu wa vyumba katika moteli, naye alipoteza kazi. Wengine walifukuzwa katika mashamba waliyolima, wengine wakaitishwa madeni yao yote kwa siku moja. Mchungaji DeLaine aliondolewa ualimu. Oktoba 1951 nyumba yake ya Summerton iliteketea huku wazimamoto wakitazama na kudai kwamba iko nje ya mpaka wa mji. Yeye alikuwa amekwisha kuhamia Lake City. Huko nako, mwaka 1955, kanisa lake lilichomwa moto na nyumba yake ikapigwa risasi. Usiku aliojibu risasi kwa risasi aliikimbia South Carolina, akatolewa hati ya kukamatwa, na hakurudi kuishi katika jimbo lake tena. Alifariki mwaka 1974. Jimbo lilifuta mashtaka yake mwaka 2000.

Kutoka usawa hadi haki

Mwanzoni kesi iliomba usawa ndani ya mfumo wa kutenganisha rangi. Aliyeibadilisha mwelekeo ni jaji mwenyewe. J. Waties Waring, mzungu wa ukoo mkongwe wa Charleston, alimshauri Marshall aifungue upya na kuushambulia utenganishaji wenyewe. Marshall alifanya hivyo Desemba 1950. Kwa kuwa sasa katiba ya jimbo ilipingwa moja kwa moja, ilibidi majaji watatu waketi pamoja.

Kesi ilisikilizwa Charleston tarehe 28 na 29 Mei 1951. Weusi wa Clarendon walisafiri zaidi ya kilometa mia moja wakajaza mahakama na ngazi zake, wengi wao wasipate nafasi ndani. Wakili wa bodi, Robert Figg, alikiri tangu mwanzo kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda wa kurekebisha. Hapo ndipo Marshall na msaidizi wake Robert Carter walipomleta mwanasaikolojia Kenneth Clark. Clark alikuwa amekwenda Summerton na wanasesere, baadhi weupe na baadhi wa rangi ya kahawia, akawahoji watoto weusi 16 wenye umri kati ya miaka 6 na 9. Watoto 10 walimpenda zaidi mwanasesere mweupe. Watoto 11 walisema yule wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Dunia ilianza kuelewa kwamba ubaya wa shule ya namna ile haupimwi kwa matofali na vyoo tu.

Juni 1951 majaji wawili kati ya watatu waliamua kwamba utenganishaji ni halali, ila shule zisawazishwe. Waring alipinga. Aliandika kwamba kutenganisha kwenyewe ni kukosa usawa, hoja ambayo miaka mitatu baadaye ingekuwa sheria ya nchi. Jamii ya Charleston ilimtenga, naye akahamia New York mwaka 1952.

Wakati huohuo gavana wa jimbo, James F. Byrnes, alianzisha kodi ya mauzo ya asilimia tatu ili kujenga shule mpya za weusi upesi, kwa matumaini ya kuunusuru utenganishaji. Scott's Branch ikapata jengo jipya la matofali. Wilaya ndogo za jirani ziliunganishwa na Namba 22 kuwa Wilaya Namba 1, yenye wanafunzi weusi 2,799 na wazungu 295. Katika Mahakama ya Juu wakili wa jimbo, John W. Davis, aliitumia hesabu hiyo kama tisho: wakichanganywa, alisema, kila darasa la watoto 30 litakuwa na weusi 27 na wazungu watatu. Hakueleza kwa nini hilo liwe baya. Aliona linajieleza.

Kesi ya Summerton ilikuwa ya kwanza kufika Mahakama ya Juu kati ya kesi tano zilizounganishwa. Mahakama iliitanguliza ile ya Kansas, na ndiyo maana dunia inaijua hukumu ya tarehe 17 Mei 1954 kwa jina la Brown. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba.

Hukumu bila utekelezaji

Watoto wa Harry Briggs hawakunufaika na ushindi wa baba yao. Mwaka 1955, kesi iliporudishwa chini, Jaji John J. Parker alitoa tafsiri kwamba katiba haiamuru kuchanganya wanafunzi, inakataza tu kuwabagua. Mahakama nyingi za Kusini ziliishika tafsiri hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Briggs alikwenda Florida kutafuta kazi, na familia yake baadaye ikahamia New York.

Ilibidi wazazi wengine wafungue kesi nyingine mwaka 1960. Wanafunzi weusi wachache waliingia sekondari ya wazungu ya Summerton mwaka 1965. Mwaka huohuo wazungu wakafungua shule yao ya binafsi, Clarendon Hall. Mahakama ya rufaa ilipoamuru mwaka 1970 kwamba wilaya iunganishe shule zake zote, miaka 16 baada ya Brown, karibu kila mtoto wa kizungu aliondoka. Summerton High ilifungwa. Wilaya ikabaki ya umma kwa sheria, na ya weusi kwa hali halisi.

Wanafunzi na matokeo yao

Tangu hapo sura ya wilaya haikubadilika sana. Zaidi ya wanafunzi tisa kati ya kila kumi walikuwa weusi, na wengi mno walitoka katika familia za kipato cha chini waliostahili chakula cha mchana cha serikali. Mashine zilichukua kazi za shambani na vijana wakahamia miji mikubwa. Katika miaka ya 2010 wilaya nzima haikufikisha wanafunzi elfu moja, nayo iliendesha shule tatu: ya watoto wadogo mjini Summerton, ya msingi ya St. Paul, na Scott's Branch.

Jimbo lilipoanza kutangaza matokeo ya mitihani kwa kila shule, Summerton mara nyingi ilikuwa chini ya wastani. Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Lakini mwenye kuisoma namba hiyo peke yake amesoma ukurasa wa mwisho wa daftari na kuacha kurasa zote zilizotangulia. Shule ndogo ya kijijini hushindwa kumvutia mwalimu wa hisabati au wa fizikia anayepata mshahara mkubwa zaidi mjini. Darasa lenye wanafunzi wachache wa kidato cha juu haliwezi kupewa masomo mengi ya kuchagua. Ardhi ya thamani ndogo hutoa kodi ndogo. Na familia zenye uwezo na ushawishi, zikishawatoa watoto wao, hazina tena haja ya kusimama kwenye mkutano wa bodi kuitetea shule.

Hayo si maneno ya kutafuta visingizio. Yalichunguzwa mahakamani, tena katika kaunti hiyohiyo. Wilaya maskini za vijijini ziliishtaki South Carolina mwaka 1993 kwa kuzinyima elimu ya kutosha, na kesi ikasikilizwa Manning, makao makuu ya Clarendon, kuanzia mwaka 2003. Mwaka 2005 Jaji Thomas Cooper aliamua kwamba jimbo limeshindwa wajibu wake kwa watoto wadogo, maana umaskini huanza kumrudisha mtoto nyuma kabla hajaingia darasa la kwanza. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliona kwamba jimbo limeshindwa. Ilitaja ubora wa walimu, udogo wa wilaya, mrundikano wa umaskini, na usafiri wa wanafunzi. Usafiri: jambo lilelile alilolipeleka Levi Pearson mwaka 1947 lilikuwa bado mezani kwa majaji miaka 67 baadaye. Miaka mitatu baada ya hukumu hiyo mahakama iliacha kuisimamia, ikaliachia bunge kazi iliyobaki.

Suala la udogo lilijibiwa kwa kuunganisha. Mwaka 2021 wilaya ya Summerton iliunganishwa na jirani yake, na mwaka uliofuata kaunti yote ikawa wilaya moja. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Summerton na mtoto wa Manning wako chini ya bodi moja na bajeti moja. Huo ni mwanzo mpya, na utapimwa kwa kile utakachowapa watoto wa Scott's Branch.

Heshima iliyochelewa, na deni letu

Heshima nazo zilikuja, ingawa kwa wengi zilikuta kaburi. Mwaka 2004 Bunge la Marekani liliwatunuku Nishani ya Dhahabu Mchungaji DeLaine, Harry na Eliza Briggs, na Levi Pearson, wote wakiwa wamekwisha kufariki. Mei 2022 sheria mpya iliziingiza Summerton High na Scott's Branch ya zamani katika hifadhi ya taifa ya kumbukumbu ya kesi ya Brown. Jengo la Summerton High, ambalo zamani mtoto mweusi hakuruhusiwa kusoma ndani yake, liligeuzwa kuwa ofisi za wilaya.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika historia hii. Thurgood Marshall aliyetaka walalamikaji 20 kutoka Clarendon ndiye aliyealikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akaandaa rasimu ya haki za msingi za raia. Kenya na Tanganyika za mkoloni nazo zilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake. Utengano huo ulifutwa kwa sheria. Tofauti kati ya shule yenye walimu wa kutosha na ile ambayo mwalimu mmoja anashika madarasa matatu haikufutika kwa sheria.

Kwa hiyo matokeo ya mitihani yakitangazwa na shule ya kijijini kwenu ikatajwa miongoni mwa zilizoshika mkia, usianze na lawama kwa watoto. Uliza shule hiyo ina walimu wangapi, watoto wanatembea kilometa ngapi, fedha zilizotengwa zilifika kiasi gani, na watoto wa wanaoisimamia wanasoma wapi. Wazazi wa Summerton waliandika majibu ya maswali kama hayo, wakaweka majina yao kamili chini yake, na hawakuyaondoa hata walipofukuzwa kazi. Kamati ya shule na wazazi wa kijiji chochote wanaweza kufanya hivyo leo, tena bila hatari waliyoikabili wale. Wafanye.